Kadogo na kikaragosi

Mzazi wa Butembo, mashariki mwa Kongo, akisikia kijana wake, aliyerudi juzi kutoka kwa wapiganaji wa porini, anataka kufanya teatre, swali lake ni moja: itamlisha nani? Swali hilo lina haki yake. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Wanande wameujenga kwa kahawa, dhahabu na shehena zinazoingia kupitia mpaka wa Kasindi, na kijana huko hupimwa kwa duka lake au shamba lake. Tena aliyeshika bunduki bado anatafuta kuaminiwa na majirani. Akipanda jukwaani kuchekesha watu, wapo watakaosema anacheza na mambo yaliyoua.

Serikali nayo haikuhesabu teatre kuwa kazi ya kumrudisha mtu uraiani. Chini ya CONADER, tume iliyosimamia kuwatoa wapiganaji jeshini na katika makundi kuanzia 2004, mtu mzima alipokea dola 110 za kuanzia, kisha dola 25 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Mafunzo yalikuwa yaleyale ya siku zote: useremala, ushonaji, kilimo, ufugaji. Marekani ilifanya vingine: James Earl Jones alipotoka jeshini miaka ya 1950, alisomea uigizaji New York kwa fedha ambazo serikali iliwatengea wanajeshi wa zamani. Tofauti ya kipaji haionekani hapo. Ya ada inaonekana.

Hata hivyo Kongo ina mfano wake. Serge Amisi alichukuliwa mashariki mwa nchi akiwa mtoto, vita vya waasi wa AFDL vilipokuwa vinaelekea Kinshasa, akawa kadogo, yaani askari mtoto. Baada ya kutoka jeshini aliangukia Espace Masolo, kituo cha Kinshasa kilichowapokea watoto wa mitaani na waliokuwa askari, na kuwafundisha kutengeneza na kuchezesha vikaragosi. Aliyopitia aliyaandika kwa Kilingala; kitabu kikatoka Ufaransa mwaka 2011, kisha yeye mwenyewe akasimama jukwaani katika mchezo uliotokana nacho. Amecheza pia dansi, na huchonga.

Kwa nini vikaragosi? Hapa pana siri ya ufundi. Jeshi huufundisha mwili kuficha hofu na kutii kabla ya kufikiri. Mwigizaji anatakiwa kuiacha hofu ionekane, kisha aweze kuizima pazia likifungwa. Anayeigiza mauaji aliyoyaona kweli anaweza kubaki humo baada ya watazamaji kwenda nyumbani. Kikaragosi kinasimama katikati. Mkono ni wako, lakini anayelia ni yule wa mbao na vitambaa, na ukikiweka chini umekiweka chini kweli.

Mtego mwingine hausemwi sana. Waongozaji humpenda aliyekuwa mpiganaji kwa sababu anajua kushika bunduki, na humpa bunduki tena, mchezo baada ya mchezo. Ustadi utajulikana siku atakapopewa nafasi ya mganga, bwana harusi, au mama mkwe.

Katika miji ya Beni na Butembo, nafasi zilizopo ni za teatre shirikishi, ile ambayo mtazamaji hukatiza mchezo na kupanda kuonyesha yeye angefanya nini. Mbrazili Augusto Boal aliieneza kuanzia miaka ya 1970, na shirika la Search for Common Ground limeitumia sana mashariki mwa Kongo katika migogoro ya ardhi na ya majirani. Kazi hiyo huja kwa kampeni. Kampeni ikiisha, fedha zimekwisha, na baba aliyeuliza habari ya chakula anaona hakukosea. Ndiyo maana wengi huuza mchana na kufanya mazoezi jioni, mpango ambao familia ya wafanyabiashara inauelewa upesi kuliko hotuba yoyote juu ya sanaa.

Kutafuta shule zaidi ni safari. Goma ina Yole!Africa, kituo alichoanzisha mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, lakini waasi wa M23 waliuteka mji wa Kanyabayonga, ulio njiani, Juni 2024 na Goma yenyewe Januari 2025, na barabara ya kutoka Butembo kwenda kusini ikakatwa na vita. Kinshasa ni kwa ndege, na tiketi yake inapita mbali dola 110.