Tundu la Mraba kwa Keekee ya Duara

Mlango wa mninga uliotengenezwa Munanila, katika nyanda za juu za Kigoma, hujaribiwa na majira ya mwaka. Wakati wa mvua mbao hunyonya unyevu na kuvimba; kiangazi hunywea. Misumari hulegea upesi, lakini ulimi uliokaa barabara ndani ya tundu lake huendelea kuushika mlango.

Tundu hilo laweza kuchongwa kwa patasi na nyundo ya mti, au kwa mashine ndogo ya mezani. Husemwa kwamba mashine hii hutoboa tundu la mraba. Usemi huo si sahihi. Keekee huzunguka na kutoboa duara. Patasi ya mraba inayoizingira, iliyo wazi ndani, haizunguki kamwe, bali husukumwa kwa wenzo ili ikate pembe nne zilizosalia. Mraba wa patasi ya milimita 12 una eneo la milimita za mraba 144. Duara lililomo ndani yake lina takriban 113. Zinazobaki 31, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano, hukatwa kwa nguvu za mkono. Ndiyo sababu wenzo ni mrefu, na ndiyo sababu patasi butu humchosha fundi.

Baina ya ncha ya keekee na makali ya patasi yapasa kuwepo nafasi ya milimita 1 hadi 2. Zikigusana, msuguano huzaa joto, chuma hugeuka rangi ya buluu na kupoteza ugumu wake, na patasi yaweza kupasuka. Wala patasi ya namna hii haipatikani katika kila duka la kijijini. Nafasi ikizidi, vipande vya mbao hukwama. Kipimo chepesi ni sarafu yenye unene huo. Umeme ukiwa umekatwa, sarafu huwekwa baina ya bega la patasi na kichwa cha mashine, na patasi hukazwa kidogo. Keekee husukumwa juu mpaka iiguse patasi, kisha hukazwa. Sarafu ikitolewa na patasi kupandishwa mpaka mwisho, nafasi hubaki sawa na unene wa sarafu.

Ubavu wa patasi nao ulingane na ukingo wa kuegemezea ubao. Ukienda upande hata kidogo, ukuta wa tundu hutoka na vidato kama meno ya msumeno, na ulimi hugusa vilele tu. Kosa hili huonekana mara moja katika kipande cha majaribio, kabla ubao wa mninga haujaguswa.

Tundu huanzwa miishoni. Kisha hutobolewa katikati kwa kuachiana nafasi, na vipande vilivyobaki baina yake huondolewa mwisho, kwa kuwa patasi yenye mbao upande mmoja tu huvutwa kuelekea upande ulio wazi na kupinda.