Kadi za Michoro za Bei ya Juu na Miswada ya Lamu: Je, Thamani Yalingana na Gharama?

Miswada ya kale ya Lamu na Pate huharibiwa na unyevu, hewa ya chumvi na mchwa, na mojawapo ya njia za kuiokoa ni kuipiga picha na kuihifadhi katika tarakilishi. Katika muongo wa 2010, miswada ya Msikiti wa Riyadha mjini Lamu, mingi ikiwa ya Kiarabu, ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Anayetaka kuziendelezea tenzi za Kiswahili kazi ya aina hiyo hukabiliwa na suala la vifaa, na kifaa kinachoweza kumeza fedha nyingi kuliko vyote ni kadi ya michoro.

Kadi hii hufanya nini? Kichakataji kikuu cha tarakilishi kina viini vichache vyenye nguvu. Kadi ya michoro ina maelfu ya viini vidogo. Ni mithili ya kupakua boriti jahazini: baharia mmoja hodari hawezi kushindana na umati wa vijana ambao kila mmoja anabeba boriti yake. Skrini ya kawaida ina nukta 2,073,600, na ile iitwayo 4K ina nukta 8,294,400, ambazo katika mchezo wa video huchorwa upya mara 60 au zaidi kwa sekunde. Mwenye skrini ya 4K na mapenzi ya michezo hiyo ana hoja ya kununua kadi ghali. Mwenye skrini ya kawaida hana, kwani aghalabu kadi yake itakaa ikisubiri kichakataji kikuu.

Mwaka 2025 kampuni ya Nvidia ilitoa kadi ya RTX 5090 kwa bei iliyotangazwa ya dola 1,999, na RTX 5070 kwa dola 549. Kwa kiwango cha mwaka huo cha takriban shilingi 129 kwa dola, hizo ni kama shilingi 258,000 na 71,000, kabla ya ushuru na usafirishaji. Bei ya ile ya kwanza ni mara 3.6 ya nyenzake. Viini vyake ni mara 3.5, kasi ya kusoma kumbukumbu yake ni mara 2.7 tu.

Kwa upigaji picha wa kurasa, tofauti hizo hazina maana. Kufungua, kukata na kung'arisha picha ya ukurasa ni kazi inayowezwa hata na tarakilishi isiyo na kadi ya pekee. Fedha hapo ziende kwenye kamera, taa na diski za akiba.

Mambo hubadilika pale mtafiti anapotaka kuifundisha mashine kuisoma hati yenyewe. Hapo kinachotawala ni ukubwa wa kumbukumbu: kazi isiyoenea humo hukwama, au hujikongoja. RTX 5090 ina gigabaiti 32, RTX 5070 ina 12. Hii ndiyo hoja ya pekee yenye uzito kwa upande wa kadi ghali. Hata hivyo, RTX 5060 Ti ya mwaka huohuo ilitangazwa kwa dola 429 ikiwa na gigabaiti 16, yaani bei ndogo kuliko ya 5070 na kumbukumbu kubwa zaidi, ingawa ni ya polepole. Bei, basi, si kipimo cha kuaminika.

Isitoshe, ugumu wa hati ya Kiarabu katika Kiswahili haumo katika viini. Katika maandishi ya kale, kasra husimamia i na e, dhuma husimamia u na o, na mara nyingi nuni ya "nd" haiandikwi kabisa. Mashine haiwezi kujifunza haya pasipo kurasa nyingi zilizokwisha kunukuliwa na msomaji anayeijua hati na lahaja ya Kiamu. Tofauti ya bei kati ya 5090 na 5060 Ti, takriban shilingi 203,000, ingemlipa msomaji huyo. Na wasomaji hao wanapungua.

Kuna pia gharama zisizoandikwa dukani. RTX 5090 hula hadi wati 575, yaani uniti 4.6 za umeme kwa saa nane. 5070 hula wati 250. Betri ndogo ya ofisini ya kukinga umeme unapokatika haiwezi kuihimili ile kubwa. Feni zake huvuta hewa ileile ya chumvi inayokula misumari ya mashua. Ikiharibika, husafirishwa kwa boti hadi Mokowe, kisha kwa basi hadi Mombasa au Nairobi, na mafunzo ya mashine husimama hadi irudi. Mwenye kadi mbili za dola 429, kila moja katika tarakilishi yake, husafirisha moja na kuendelea kwa nyingine.