Kishika uchumba kwa gari lisilokuwepo

Land Rover ya kijani, ile ya zamani yenye taa mbili zilizokaa karibu karibu katikati ya pua. Tairi la akiba limelala juu ya boneti. Nyuma yake kuna ukuta wa tofali za kuchoma na migomba miwili. Chini ya picha mwenye tangazo ameandika: “Ipo Mbeya, mwenyewe amehamia nje, Sh6 milioni, maongezi yapo.”

Tuseme anayeitazama picha hiyo ni mwalimu mstaafu wa Mafinga. Ni saa tatu usiku, wajukuu wamelala, na kiinua mgongo kimeingia benki mwezi uliopita. Gari kama hilo ndilo lililokuwa likimleta padri kijijini kwao, ndilo lililombeba mama yake kwenda kujifungua. Anapiga namba iliyo kwenye tangazo. Upande wa pili sauti ya kijana inaitikia kwa adabu: “Shikamoo baba.”

Mzee huyu ni wa mfano tu, lakini njia anayopitishwa kuanzia hapo ni ile ile inayoishia na mtu kukaa kwenye benchi la kituo cha polisi akiwa na simu mkononi na risiti za miamala. Magari ya kale yana mvuto ambao tapeli anaujua vizuri. Anayetafuta gari dogo la kazini hulinganisha bei na kuhama. Anayetafuta Land Rover 109, Peugeot 404 au Land Cruiser ya miaka ya 1970 anatafuta kitu alichokipoteza, na akikiona hataki kusikia kwamba hakipo.

Nyanda za Juu Kusini zina sababu ya kuyapenda magari hayo. Kabla ya lami ya barabara ya Tanzania na Zambia, na kabla ya reli ya Tazara kukamilika katikati ya miaka ya 1970, matope ya kati ya Iringa na Mbeya yalikuwa mtihani wa kila masika. Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1948, na bodi yake ya aluminiamu haikuliwa na kutu. Mashamba, misheni na ofisi za serikali zilizitumia hadi zikachoka, zikauzwa, na nyingine bado zinabeba viazi hadi leo. Mapenzi hayo yamezidi kuchochewa na mambo ya karibuni. Januari 2016 kiwanda cha Uingereza kiliacha kuunda Defender ya umbo la zamani na zilizobaki zikapanda thamani. Oktoba 2024 Arusha ikafanya tamasha la Land Rover, picha zikajaa kwenye simu za watu. Tangu hapo hata gari lililokuwa banda la kuku linapigiwa hesabu upya.

Tapeli naye anapiga hesabu zake.

Mtego unavyosukwa

Picha kwa kawaida ni ya kweli. Ni ya gari la mtu mwingine, lililouzwa zamani Nairobi, Harare au Uingereza, na imepakuliwa kutoka kwenye tangazo lake. Bei huwekwa chini ya ile ya soko, lakini si chini kiasi cha kumshtua mtu. Halafu kinakuja kisa. Mwenye gari amehama, amefiwa, anadaiwa ada ya mtoto chuo. Kisa hicho kinafanya kazi mbili: kinaeleza kwa nini bei ni nafuu, na kinaeleza kwa nini huwezi kuonana na mwenye gari.

Mzee wa Mafinga anasema atakwenda Mbeya Jumamosi kuliona. Kijana anakubali haraka, tena anafurahi. Ila, baba, kuna mteja yuko njiani kutoka Njombe na ana fedha taslimu. Ukiweka kishika uchumba cha Sh300,000 tutalifunika turubai, asiliguse mtu. Kuthibitisha uaminifu anatuma picha ya kitambulisho cha taifa na picha ya kadi ya gari. Vyote vinaweza kuwa vya mtu wa kweli, aliyewahi kutuma nakala zake kwa tapeli huyo huyo akidhani naye anauziwa gari.

Laki tatu zinatumwa. Hapo ndipo watu wengi hudhani hadithi imeisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Ijumaa inakuja simu nyingine: gari lilipelekwa kufanyiwa matengenezo ili baba asihangaike njiani, fundi anadai Sh450,000. Baadaye trafiki wamelikamata Uyole, faini na kibali. Baadaye tena kuna lori linarudi tupu kuelekea Dar es Salaam, linaweza kulipakia na kulishusha Mafinga kwa nusu ya gharama, lakini linaondoka alfajiri. Kila dai linakuja juu ya fedha iliyokwisha kutoka. Kukataa dai la nne ni kukubali kwamba yale matatu yamepotea, na hapo ndipo akili ya mtu yeyote, awe profesa au muuza nyanya wa Mwanjelwa, inapogoma. Kuwaita waliolizwa kuwa ni wajinga ni kutoelewa mtego wenyewe. Aliyetumiwa ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” anacheka na kufuta. Huyu amezungumza na mtu kwa siku tano, amepewa shikamoo kila asubuhi.

Kuna aina ya pili ambayo gari lipo kweli, na wakazi wa barabara kuu ya kwenda Tunduma wanaijua bila kuambiwa. Ni gari la IT, lililoshushwa bandarini likielekea Zambia au Kongo. Dalali anakunong’oneza kwamba linaweza “kubaki” kwa bei nzuri. Gari la namna hiyo halijalipiwa kodi za Tanzania. Likinaswa, linataifishwa, na aliyekuuzia hatakuwepo siku hiyo. Wengine huzungumzia “mnada wa TRA” ambao ni wao tu wanaoujua. Minada ya mamlaka hiyo hutangazwa hadharani na malipo yake huenda serikalini kwa namba maalumu ya malipo, hayaendi kwenye simu ya kijana.

Ya tatu ndiyo inayovunja familia mbili kwa pamoja. Gari lipo, muuzaji yupo, kadi ipo, lakini jina kwenye kadi ni la marehemu. Magari ya kale mengi yako hivyo: babu alifariki, gari likabaki uani, na sasa mtoto mmoja mwenye shida analiuza wenzake wakiwa Dar es Salaam. Kwa sheria mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama barua hiyo haipo, umenunua kesi. Na ndugu zake wakija kulidai gari lao, hawatakuwa na kosa.

Macho, mikono na karatasi

Dawa ya kwanza ni safari. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na nauli ya basi ya kwenda na kurudi, hata ukimlipia na fundi wako, ni ndogo kuliko kishika uchumba chochote. Asiyeweza kusafiri leo amwombe muuzaji apige simu ya video, azunguke gari taratibu, afungue boneti na asome namba ya chasisi kwa sauti. Picha zenyewe zinaweza kutafutwa kwa Google Lens, ambayo ipo kwenye simu nyingi za Android. Ukikuta gari hilo hilo likiuzwa Mombasa mwaka juzi, usipoteze muda kumuuliza mwenye tangazo kwa nini.

Fundi awe wako, siyo wa muuzaji. Kwa Land Rover ya zamani aanze chini, kwa sababu bodi ya aluminiamu inang’aa miaka 50 huku chasisi ya chuma chini yake ikioza. Lami nyeusi iliyopakwa juzi chini ya gari ni ya kutiliwa shaka. Agonge kwa nyundo ndogo na asikilize. Namba ya chasisi kwa kawaida imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa mbele kulia. Ifanane na kadi herufi kwa herufi, na kama pamekwanguliwa au pamechomelewa upya, mwondoke. Muombe muuzaji asiwashe injini kabla hamjafika. Asubuhi ya Juni, baridi ya Mbeya itasema ukweli wote kuhusu injini ya kale, mradi ushike boneti kwanza na kuhakikisha haijapashwa moto. Breki zijaribiwe mahali tambarare. Anayekuambia mkalijaribu kwenye mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi hakutakii mema.

Kisha karatasi. Mfumo wa polisi wa TMS unaonyesha madeni ya faini kwa namba ya gari, na mfumo wa mamlaka ya bima, Tira, unaonyesha kama bima ni hai. Hivyo ni vipimo vidogo. Kipimo kikubwa ni kwenda na muuzaji, kadi halisi na vitambulisho katika ofisi ya TRA, kuhakikisha jina la mmiliki na kufanya uhamisho hapo. Mkataba uandikwe kwa wakili. Fedha ilipwe benki, kwa jina lile lile lililo kwenye kadi, baada ya yote hayo na siyo kabla. Na mkutane mchana penye watu. Mtu anayebeba milioni sita kwenye mfuko wa koti kwenda uani kwa mtu asiyemjua ana hatari kubwa kuliko kupoteza fedha.

Wanaoagiza kutoka Japani au Uingereza wana hesabu nyingine. Bei ya tangazo ni sehemu tu. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu ambao gari la kale haliwezi kuukwepa. Kikokotoo cha thamani ya magari kipo kwenye tovuti ya TRA. Anayesema “nitakulipia kodi zote kwa milioni moja” ana mpango mwingine.

Nyumbani, baada ya pigo

Turudi kwa mzee wa Mafinga. Jumatatu namba haipatikani. Mkewe anauliza: “Baba watoto, lile gari umeliona kwa macho?” Anajibu kwamba linakuja. Wiki nzima anajibu hivyo.

Ukimya huo una gharama za kiafya. Mtu aliyetapeliwa hubeba msiba usio na matanga, kwa sababu hathubutu kuwaita waombolezaji. Usingizi unakatika. Mwenye shinikizo la damu anasahau dawa, au anaziacha kwa hasira. Wengine huangukia kwenye pombe, wengine wanakopa kwa riba kubwa ili kuziba pengo kabla mwenzi hajagundua, na mkopo huo unakuwa shimo la pili. Kwa mtu mzima ambaye maisha yake yote ameheshimika kwa busara, aibu inaweza kuuma kuliko fedha. Akianza kujitenga, kukataa chakula na kusema kwamba hana faida tena, hiyo inaweza kuwa sonona na ni ugonjwa. Anatakiwa kufikishwa kituo cha afya, na akizungumzia kujiua asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

Mwenzi anayesikia habari hii ana haki ya kukasirika. Lakini swali la kwanza lingekuwa “lini ulituma mara ya mwisho?” kwa sababu saa za mwanzo zina thamani. Fedha ya simu ambayo haijatolewa inaweza kuzuiwa mtandao wa simu au benki ikiarifiwa mapema. Baada ya hapo ni polisi, kufungua jalada na kupewa RB, ukiwa na ujumbe, namba na risiti zote bila kufuta hata kimoja. Namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa taarifa za utapeli. Kama alituma nakala ya kitambulisho, apige *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa jina lake, maana kesho picha ya kitambulisho chake ndiyo itakayomtuliza mstaafu mwingine wa Tukuyu au Ifunda. Na ajihadhari na “mpelelezi” atakayempigia akidai anaweza kuzirudisha fedha kwa ada kidogo. Mara nyingi ni yule yule kijana, na sauti ameibadilisha kidogo tu.

Kwa familia itakayofanikiwa kulipata gari la kweli, bado liko jambo ambalo madalali hawaligusi. Bitana za breki na klachi za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Fundi asipulize ngoma ya breki kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, ailoweshe kwa maji kwanza, na watoto wasikae kuangalia. Bomba la moshi likaguliwe lisivuje ndani ya kabati, hasa kwa wanaosafiri na vioo vimefungwa kwa ajili ya baridi. Na yale mabenchi ya nyuma, ya kukaa ubavu kwa ubavu, hayakuundwa na mikanda. Wajukuu wakae mbele au kwenye siti za katikati zilizofungwa mikanda na fundi, hata kama wote wanataka kupanda nyuma.