Kasi ya Kusaka Virusi: Diski Ina Lawama Gani?

Aghalabu programu ya kingavirusi inapochukua zaidi ya saa nzima kuikagua tarakilishi, lawama huelekezwa kwa programu yenyewe. Wengi hukata tamaa na kuisimamisha kabla haijafika ukingoni. Faili zilizosalia hubaki bila kukaguliwa, na huenda ni humo humo ilimo tasnifu ya miaka miwili. Hata hivyo, katika tarakilishi nyingi za zamani anayestahili kuulizwa kwanza ni diski ngumu.

Diski hii huitwa ngumu kwa kuwa ndani yake mna sahani za alumini au kioo, tofauti na disketi ambayo utando wake ulikuwa wa plastiki inayopindika. (Jina ni tafsiri sisisi, lakini limekwisha kukita mizizi; kulipinga sasa ni kushindana na mawimbi.) Sahani hizo huzunguka, na juu yake husogea mkono wenye vichwa vya kusomea. Ili faili isomwe, sharti mkono usogee hadi kwenye mstari wake, kisha usubiri mahali panapotakiwa pafike chini ya kichwa. Katika diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3, hivyo wastani wa kusubiri ni nusu yake, yaani 4.2. Ile ya mizunguko 5,400, iliyozoeleka katika vipakatalishi, husubiri milisekunde 5.6, na mkono wake kwa kawaida ni mzito zaidi. Mambo yote mawili yakijumlishwa, ya kwanza hutumia kama milisekunde 13 kuifikia faili, ya pili kama 17.

Milisekunde nne ni nini? Kwa mtazamaji wa filamu, si kitu: filamu ni faili moja ndefu inayosomwa mfululizo. Kingavirusi, kinyume chake, hubisha hodi kwa kila faili, ndogo kwa kubwa, nazo zimetawanyika huku na huko. Tuseme zipo 100,000, kila moja ikidai safari moja ya mkono. Diski ya kwanza itatumia takribani dakika 22 kwa safari pekee, ya pili dakika 28. Kusoma kwenyewe bado. Faili zilizokatikakatika vipande huongeza safari. Mtumiaji akinakili nyaraka wakati huo huo, kazi mbili hugombea mkono mmoja.

Diski ya chipu haina sahani wala mkono. Kuifikia faili huchukua kama milisekunde 0.1, na safari zile 100,000 huwa sekunde 10 tu. Hapo mzigo huhamia kwa kichakataji, ambacho hulinganisha faili na alama za virusi vinavyojulikana na kuzifungua faili zilizobanwa. Ndiyo maana kuhama kutoka diski ya chipu ya kawaida hadi ile ya kasi zaidi hakuleti tofauti kubwa katika usakaji, ingawa bei hupanda. Mwenye fedha chache atafaidika zaidi akinunua diski ndogo ya chipu kwa ajili ya mfumo na nyaraka, kisha aiachie ile ya zamani rekodi za utafiti wa nyanjani, ambazo ni faili chache na kubwa.