Moyo wa Rubani na Maana ya Kipimo

Mwanafunzi anayetazama ndege ikitua katika kiwanja cha Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, au katika ukanda wa migodi ya dhahabu ya Kahama na Geita, huenda akatamani kuwa rubani. Lakini kabla ya kukabidhiwa abiria, sharti rubani awe na cheti cha afya, na moyo ni miongoni mwa viungo vinavyochunguzwa kwa makini sana.

Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, rubani wa ndege za biashara hupimwa umeme wa moyo anapoomba cheti mara ya kwanza. Kati ya umri wa miaka 30 na 50 inashauriwa apimwe walau kila baada ya miaka 2. Akishapita miaka 50, ni lazima apimwe kila mwaka. Tena, rubani anayejua kwamba afya yake imepungua hata asiweze kurusha ndege kwa usalama, haruhusiwi kurusha, ijapokuwa cheti chake hakijaisha muda.

Hapa ndipo penye mtihani. Je, rubani asiyejisikia vibaya aende kupima kwa hiari, hali akijua kwamba jibu laweza kumsimamisha kazi? Wako wanaoogopa. Ili kuipima hofu hiyo, yafaa tuelewe kwanza kipimo kinaona nini.

Kipimo cha umeme wa moyo huandika mikondo midogo ya umeme inayoamrisha misuli ya moyo kujikunja. Huonyesha vizuri hitilafu za mapigo. Lakini mshipa unaolisha moyo waweza kuwa umeanza kuziba, na mtu akipimwa akiwa amepumzika mchoro ukaonekana wa kawaida. Tarehe 18 Juni 1972 ndege aina ya Trident ilianguka karibu na Staines, Uingereza, ikaua watu wote 118 waliokuwamo. Uchunguzi ulitaja ugonjwa wa moyo wa kapteni miongoni mwa sababu za msingi, ingawa alikuwa na cheti halali. Basi cheti si kinga.

Kinyume chake pia ni kweli: jibu baya si hukumu. Tuchukue mfano wa kubuni. Vijana 1,000 wanapimwa, na 10 kati yao ni wagonjwa. Kipimo kinawatambua wagonjwa 8, lakini kinawashuku kimakosa watu 5 katika kila wazima 100. Wazima ni 990, kwa hiyo watakaoshukiwa bure ni wapatao 50. Jumla ya walioshukiwa ni 58, na wagonjwa wa kweli ni 8 tu!

Sasa tupime watu 1,000 wenye umri mkubwa, ambao 200 kati yao ni wagonjwa. Kipimo kile kile kitawatambua 160, na kitawashuku bure 40. Safari hii, katika kila watu 5 walioshukiwa, 4 ni wagonjwa kweli. Kipimo hakikubadilika, waliobadilika ni wanaopimwa. Ndiyo maana umri unapoongezeka, rubani hupimwa mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo anayeshukiwa hupelekwa kwenye vipimo vya ziada, kama kile cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha kuta na milango ya moyo ikifanya kazi. Wapo marubani waliotibiwa, wakachunguzwa upya na kurudi angani. Anayeficha dalili hujinyima nafasi hiyo, na huwahatarisha abiria.

Somo hili si la marubani peke yao. Dereva wa basi la Shinyanga na mchimbaji wa Geita nao wana mioyo. Wataalamu wa moyo wapo Bugando, Mwanza, na katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Mwenye shinikizo la damu, au mwenye ndugu waliougua moyo wangali vijana, asingoje kulazimishwa na leseni.

Zoezi kwa wanafunzi: rudieni hesabu hii kwa kundi lenye wagonjwa 50 katika watu 1,000. Je, katika walioshukiwa, wagonjwa wa kweli ni wangapi?