Moshi wa Jikoni: Mapafu na Moyo wa Mtu Asiyevuta Sigara

Katika kliniki za magonjwa ya kifua, mgonjwa anayekohoa na kuhema huulizwa mapema kabisa: je, unavuta sigara? Mama wa miaka hamsini na kitu, aliyeletwa na binti yake kutoka kijijini, hujibu upesi: "Hapana, daktari, sijawahi hata kuishika." Mtabibu huandika "havuti" katika faili, kisha huendelea na maswali mengine. Kwa hiyo habari iliyo muhimu kuliko zote huachwa nje ya faili. Mama huyo huenda amevuta moshi kwa saa tatu au nne kila siku, tangu alipokuwa binti mdogo wa kutumwa kuchochea kuni kwenye mafiga.

Moshi wa kuni na moshi wa tumbaku ni ndugu. Kila mmoja hutokana na mmea ulioungua bila hewa ya kutosha, na kila mmoja hubeba chembe ndogo za masizi pamoja na gesi za sumu. Tofauti kubwa ni nikotini, ambayo humfanya mvutaji airudie sigara. Mpishi huurudia moshi kwa sababu watoto wanangoja chakula. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani kote katika mwaka 2020. Wengi hudhani kwamba karibu vifo vyote hivyo vilitokana na mapafu. Sivyo: zaidi ya nusu yake vilitokana na maradhi ya mishipa ya moyo na kiharusi.

Moshi unaoingia puani unaufikiaje moyo? Chembe zinazotutia hofu ni zile zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, yaani takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, tukalitoa kwa chafya au kwa makohozi. Chembe hizi ndogo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, mahali ambapo ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba mno. Mwili huzipokea kama adui. Seli za kinga hukusanyika na tishu huvimba. Hali hiyo ikidumu miaka mingi, kuta za njia ndogo za hewa huwa nene, hutoa kamasi kupita kiasi na kujaa makovu. Hewa huingia, lakini kutoka ni kwa shida. Huo ndio ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, na makovu yake hayafutiki kwa dawa yoyote tuliyo nayo.

Uvimbe huo, hata hivyo, hauishii kifuani. Kemikali zinazotolewa na seli za kinga huingia katika mzunguko wa damu. Ateri hukakamaa, shinikizo la damu hupanda, na damu huwa rahisi kuganda. Mtu ambaye tayari ana utando wa mafuta katika ateri za moyo huwa amesogezwa hatua moja karibu zaidi na shambulio la moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa mwaka wa chembe hizo usizidi maikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Katika jiko lililofungwa, kuni zikiwa zinawaka, vipimo husoma mamia, na wakati mwingine hupita elfu moja.

Upande wa kulia wa moyo una balaa lake la pekee. Kazi yake ni kusukuma damu kwenda mapafuni. Mapafu yanapokosa oksijeni, mishipa yake hujibana, na moyo hulazimika kusukuma dhidi ya mlango uliofungwa nusu. Upande huo hutanuka, hatimaye huchoka. Miguu huvimba, ini hujaa damu, mishipa ya shingo husimama. Mgonjwa wa namna hii hupewa dawa za kupunguza maji mwilini na kurudishwa nyumbani, kwenye jiko lilelile.

Mkaa unastahili onyo lake. Watu huusifu kwa kuwa hautoi moshi mwingi, na ni kweli macho hayawashi. Lakini mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Katika nyanda za juu kama Njombe na Mbeya, baridi ya Juni na Julai huwashawishi watu kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Wapo wanaolala wasiamke. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala hata kwa dakika chache.

Kwa mhudumu wa afya, ombi langu ni kubadili swali. Badala ya sigara peke yake, uliza: mnapikia nini, mnapikia wapi, tangu ukiwa na umri gani, na nani mwingine hukaa humo jikoni? Mwanamke mwenye kikohozi cha miaka, ambaye makohozi yake yamepimwa mara kadhaa na kifua kikuu hakikuonekana, asianzishiwe tena dawa za kifua kikuu kwa mazoea tu. Apelekwe kwenye kipimo cha spairometa. Ikiwa baada ya kuvuta dawa ya kutanua njia za hewa bado anatoa chini ya asilimia 70 ya pumzi yake yote katika sekunde ya kwanza, kuziba kwa njia za hewa kumethibitika. Apimwe pia shinikizo la damu, na moyo wake usikilizwe.

Je, jiko bora linatosha? Tuwe wakweli. Nchini Malawi, utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 10,000 na kuchapishwa mwaka 2017 haukuonyesha kwamba majiko ya kuni yaliyoboreshwa yalipunguza nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba moshi ulibaki mwingi: jiko jipya bado lilichoma kuni, jirani alipikia kuni, taka zilichomwa uani. Kwa hiyo gesi au umeme ndiyo njia ya kulenga, na mkakati wa taifa wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia umeweka lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Bei ya kujaza mtungi ni kikwazo halisi, wala si haki kumlaumu mama kwa kuni anazozichoma. Wakati akingoja, apikie nje au penye dirisha pande mbili, atumie kuni zilizokauka, aloweke maharage usiku kucha ili yaive upesi, na mtoto asibebwe mgongoni mbele ya moto. Wanaume wanaovuta sigara ndani wazitoe nje, kisha waziache kabisa. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa ateri za moyo iliyoongezwa na sigara hupungua kwa takriban nusu.

Kwa aliyekwisha kuugua, kutembea kila siku kwa kadiri ya pumzi zake humsaidia kuliko kukaa kitandani. Dawa ya kuvuta humfaa ikifika mapafuni, na wengi huipulizia ulimini. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu, toboa kitako chake tundu linaloshika mdomo wa kifaa cha dawa bila kuvuja, kisha weka midomo kwenye shingo ya chupa. Tikisa kifaa, bonyeza mara moja, vuta pumzi polepole mara tano au sita ndani ya chupa, ndipo ubonyeze tena.