Taa Gani kwa Chumba Gani? Na Nani Anaamua?

Hebu hesabu saa ambazo wewe na mwenzi wako mnaonana kweli. Mchana kila mtu yuko kwenye mihangaiko yake. Hapa kwetu Karatu, ikifika saa 1 na nusu usiku giza limeshatanda, mwaka mzima. Maana yake muda wenu wa kula, kupiga stori, kununiana na kupatana, karibu wote ni wa chini ya taa. Lakini jamani, taa ndiyo kitu tunachonunua mwisho kabisa, tena kwa kumwambia muuza duka: "Nipe balbu tu!"

Siri ya loji

Mume wangu ni dereva wa watalii, kwa hiyo nimebahatika kuingia loji kadhaa za ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kule juu ni kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Julai si mchezo. Humo ndani hukuti balbu moja nyeupe inamulika kama stendi ya mabasi. Unakuta taa ndogo tatu au nne, zimekaa chini chini, mwanga wa njano. Chumba kinaonekana kina joto hata kabla moto haujakolezwa.

Siri yenyewe imeandikwa kwenye boksi la balbu. Tafuta namba yenye herufi K. 2700 hadi 3000 ni mwanga wa njano, unatuliza. 4000 ni mweupe wa kawaida, mzuri kwa kazi. 6500 ni mweupe unaoelekea buluu, unachangamsha lakini nyumba inaonekana ya baridi.

Sebuleni

Hapa ndipo tulipovutana. Mwenzangu alitaka mwanga mkali: "Mke wangu, mgeni akiingia atuone!" Mimi nilitaka wa kupumzikia. Suluhisho likawa swichi mbili. Mama mkwe akija, taa ya dari inawaka. Tukibaki wawili, inawashwa ya kusimama pembeni ya kochi. Kama kuta zenu zina rangi nzito, ongezeni mwanga kidogo, maana rangi hiyo inaumeza.

Jikoni na bafuni

Taa ya katikati ya dari inakufanya ukate kitunguu ndani ya kivuli chako mwenyewe. Weka nyingine juu ya meza ya kukatia, K 4000. Kwenye kioo cha bafuni, taa mbili ubavuni, usawa wa uso, ni bora kuliko moja ya juu inayokuchorea vivuli chini ya macho na kidevu. Bafuni pia taa iwe ya kuhimili unyevu, na afunge fundi umeme anayejua kazi.

Chumbani

Wanaoishi na madereva wa safari watanielewa. Mageti ya Ngorongoro yanafunguliwa saa 12 asubuhi, kwa hiyo yeye anaamka saa 10 alfajiri wakati mimi nina saa mbili zangu za usingizi. Taa ya dari ikiwashwa muda huo, siku yangu imeharibika na ugomvi umeshapata sababu. Sasa ana kataa kadogo upande wake, ka njano, kako chini ya usawa wa kitanda, na swichi iko mkononi mwake. Anavaa, ananifunika blanketi, anaondoka. Maua yapo, lakini mimi huo ndio naita upendo!

Usiku pia, punguzeni mwanga mkali saa moja kabla ya kulala. Mwanga wenye ubuluu, pamoja na wa simu, unachelewesha melatonini, homoni inayoandaa mwili kulala.

Na luku je?

Wati ni umeme unaoliwa, lumeni ni mwanga unaotoka. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa takriban lumeni 800, karibu sawa na ile ya zamani ya wati 60. Ukiwasha saa 5 kila usiku kwa siku 30, ya zamani inakula uniti 9. LED inakula uniti 1.35. Kwa hiyo taa tatu za LED bado ni nafuu kuliko moja ya zamani. Na kwa vumbi letu jekundu la Karatu, zima taa, subiri zipoe, uzifute mara kwa mara. Vumbi linaiba mwanga ulioulipia.

Kabla ya kwenda dukani, mzunguke nyumba pamoja usiku. Kila chumba mwulize mwenzio: "Hapa unafanya nini, na nini kinakukera?" Majibu yatawashangaza, na ndiyo orodha yenu ya manunuzi.